Waliogonga Ndani ya Meli

Mjukuu wangu Minza,

Shikamoo yako imenifikia hapa Kahama, marahaba. Mpunga tumevuna. Mguu wa babu yako umepona, ila ubishi wake bado.

Unaniuliza uwafundisheje wanafunzi wako habari ya ile meli iliyozama ziwani karibu na Mwanza, maana wanaisoma bila kukwama lakini hawaielewi. Mimi niliifundisha nikiwa bado mwalimu kwenye machimbo ya Geita. Niliuliza: "Waliobaki ndani ya meli iliyopinduka walifanya nini?" Jibu la kitabuni lilikuwa "Waligonga." Kabula, binti wa darasa la sita, akaandika, "Waligonga mpaka wakachoka." Nikampa kosa, kwa sababu maneno hayo ya mwisho hayakuwamo kwenye habari.

Akaja mezani kwangu na daftari. "Mwalimu, duara la dhahabu, lile shimo la kuchimbia, lilipotitia, baba alikuwa chini. Akawa anagonga, na sisi huku juu tunamjibu kwa jiwe ili ajue tupo. Siku ya pili akachoka."

Nikalikata lile kosa, nikamwekea pata. Wino mwekundu haufutiki, Minza. Alama zote mbili zilibaki pale. Kabula hakuondoka. Akaniuliza, "Na wale wa kwenye meli, walijibiwa?"

Nikaisoma habari ile upya tangu mwanzo, yeye amesimama palepale akinisubiri. Haikusema.

Ukifika hapo na wanafunzi wako, usiwaharakishe.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka.