Pikipiki Mpya, Mume Anatembea kwa Miguu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, naomba msaada kwa jambo ambalo nikilitaja nyumbani wanangu wanacheka mpaka wanashika ukuta, lakini mimi limeninyima raha.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, shule niliishia darasa la saba, kazi yangu ni kuoka mikate na kuisambaza madukani, na miaka yote nimeisambaza kwa baiskeli, mpaka mwezi uliopita mume wangu, ambaye ni kinyozi, mtu mpole hata nzi anamfukuza kwa adabu, alishirikiana na watoto wakaninunulia pikipiki mpya nyekundu, kiti bado kina nailoni, nikapiga vigelegele mpaka jirani akadhani nimepata mjukuu, nikapiga magoti palepale uani kumshukuru Mungu. Kuendesha najua na leseni ninayo, dada yangu alinifundisha kwa pikipiki yake.

Sasa fundi aliyeiunganisha akaniambia, "Mama, injini mpya inazoeshwa taratibu. Mpaka ufikishe kilomita mia tano usiende mbio, usibebe mtu, halafu uniletee nimwage oili." Mimi nikipewa agizo nalishika kama zile amri kumi. Kila asubuhi naiwasha naiacha ingurume nusu saa, huku mimi nasali, ndipo naondoka, kwenda na makreti mawili ya mikate, kurudi na mfuko wangu wa unga wa kilo hamsini, mwendo ni thelathini tu, haupandi haushuki, na gia naweka ya nne hata kwenye mlima ili isipige kelele ikaumia, ingawa pale mlimani inatetemeka kama ina homa, nami naibembeleza, "Jikaze mama, tunafika."

Shida ni Jumapili. Mume wangu simbebi, kwa sababu fundi alisema nisibebe mtu, na kumwacha nyuma siwezi, roho inaniuma, basi yeye anatembea kwa miguu na mimi naenda naye sambamba juu ya pikipiki, nimeshika klachi njia nzima, mpaka kanisani. Muuza duka wa pale kona akatupigia kelele, "Mama Mikate, mpakie basi huyo baba, au kala mkate hajalipa?" Mume wangu akamjibu, "Mimi ni mlinzi wake!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Lakini Jumanne mzee wa kanisa na mkewe wakaja nyumbani na nyuso za msibani, wakakaa, wakakohoa, wakasema wamesikia ndoa yetu imeingia shetani. Mume wangu akawaambia, "Wazee, hatujagombana, ni injini inazoeshwa." Hawakuamini hata kidogo, wakatuombea dakika arobaini. Walipoondoka mume wangu akavua viatu, akasema polepole, "Ila mke wangu, mimi nilitamani kupanda." Mshauri, kumbe alijinunulia helmeti yake, nilimkuta anaijaribu kwenye kioo chake cha kinyozi.

Jumapili ijayo tunatimiza miaka thelathini ya ndoa na tutaombewa mbele ya waumini wote. Pikipiki imefika kilomita mia tatu na kumi. Je, nivunje agizo nimbebe? Au nizunguke uwanja wa mpira mpaka mia tano zitimie? Na hiyo oili kwa nini imwagwe, mbona nimeichungulia bado ni nzuri?

Mama Mikate.

JIBU

Mama Mikate, hongera kwa pikipiki, na hongera zaidi kwa huyo kinyozi. Nimecheka, sasa nakugombeza.

Umenihesabia mwenyewe kilo hamsini za unga. Unga unapanda kila siku, mume anatembea! Fundi alikukataza kubeba mtu kwa sababu ya uzito, mama, si kwa sababu mtu ana roho. Injini haijui kama mgongoni pako kuna ngano au kuna baba watoto. Nilimpigia fundi ninayemwamini, akaniuliza mara mbili kama barua hii ni ya kweli.

Amesema hivi. Nusu saa ya kunguruma acha. Dakika moja au mbili zinatosha, kisha uondoke taratibu. Sala iendelee, injini izimwe. Mwendo mmoja kutwa nzima hauizoeshi injini: ongeza kidogo, punguza kidogo, badilisha, ila usivute mafuta mpaka mwisho. Ikitetemeka mlimani inakulilia ushushe gia, nawe unaibembeleza! Kelele kidogo haiumizi, kulazimishwa ndiko kunaumiza. Na huo mwendo wa sambamba na mtembea kwa miguu umeshaitesa klachi vya kutosha, leo uwe mwisho.

Oili ya kwanza inamwagwa hata ikionekana safi, kwa sababu vyuma vipya vikisuguana vinaacha unga wake humo, mwembamba, jicho halioni. Wewe muokaji, unajua ungo ni wa nini. Ukifika mia tano nenda kwa fundi wako aimwage, akaze na mnyororo na nati. Uwanja wa mpira waachie wenye mpira.

Sasa mume. Usijiamulie peke yako: kesho mpelekee fundi wako barua hii, mtajie kilo za unga na kilo za mumeo, ambaye kwa ulivyomweleza sidhani kama anafika sitini. Nina hakika atasema mfuko wa unga uletwe na mkokoteni mpaka mia tano zitimie, makreti ubebe moja moja, na mume kwa safari fupi ya kanisani, bila haraka, apande. Jumamosi mfanye mazoezi mahali pasipo na watu, maana mtu akikaa nyuma pikipiki inageuka tabia: breki inataka nafasi zaidi, kona inataka utaratibu. Mwambie akushike kiuno na asijipinde upande.

Jumanne mliombewa ugomvi ambao haupo. Hilo nalo lirekebisheni, na dawa yake ni hii. Jumapili toka mapema, pita mbele ya nyumba ya yule mzee wa kanisa, piga honi mara moja. Na mkifika msiharakishe kushuka. Kaeni juu yake kidogo, watu wawaone.