Shokapu Nilizopaka Rangi Ziko Chini ya Gari la Baba Mkwe

Mshauri shikamoo, nisaidie haraka maana tangu Jumapili chakula hakipiti, na mimi ni mtu ambaye hata msibani naongeza sahani. Naitwa Abdiel, nakaa Kimandolu, nauza spea za magari, duka langu ni begi la mgongoni, na kijiweni nawachekesha watu mpaka wanasahau kuomba wapunguziwe. Sasa kuna kamchezo nafanya, naokota kwa mafundi shokapu zilizokufa, zile zinazovuja oili, nazifuta na petroli, napuliza rangi nyeusi, nabandika stika ya kifaru niliyochapisha mwenyewe, nafunga nailoni, nawauzia mafundi wengine eti mpya kutoka nje. Nilikuwa najiambia shokapu ni mambo ya kurushwarushwa tu, abiria anapata na mazoezi.

Jumapili nikapanda mlimani Meru kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Hope, suti safi, viatu vya kuazima. Tulipomaliza kula, baba yake, Mzee Sifaeli, akasema amesikia mimi ni mtu wa spea, akanishika mkono mpaka kwenye pikapu yake ya kubebea ndizi nikaone alivyofungiwa vitu na fundi wa mjini. Nikainama na suti yangu. Mshauri, kifaru huyu hapa ananiangalia. Vifaru wanne, miguu yote, na mmoja ameshaanza kuvuja.

Mzee akauliza, "Unaonaje baba, hizi si zitanizika?"

Nikajibu, "Ziko vizuri mzee." Mdomo wangu huu huu.

Jumamosi hii pikapu inashuka Njiro kwenye sherehe ya sendofu ya binamu yake Hope, nyuma kina mama kumi na mikungu, mbele Hope na baba yake, na ile njia ni kona na makorongo. Nikisema ukweli mke sina, nikinyamaza hata usingizi sina. Nimewaza nimpelekee mpya kama zawadi ya mkwe, ya kifaru nisiyataje. Nifanyeje?

Abdiel, Kimandolu

JIBU

Abdiel, marahaba. Nimesoma barua yako nimesimama. Kwa hiyo kina mama kumi wanapata mazoezi?

Sikiliza. Shokapu ikifa tairi linadunda badala ya kushika barabara, breki ukikanyaga gari linaendelea na safari yake, na kwenye kona lenye mzigo linalala. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana chakula hakipiti. Nakuhurumia, lakini kidogo.

Zawadi hapana. Mzee wa mlimani hatupi kitu chenye rangi bado. Ukimpa mpya, wale vifaru atampa jirani naye afunge, na utakuwa umeua mtu mwingine kwa ukarimu.

Mpigie leo, kabla hujamwambia Hope, umwambie gari lisitoke uani. Kesho panda na shokapu nne za dukani na fundi mwingine, zifungwe Mzee akiona, na umwambie kwa mdomo ule ule ni nani alipaka zile. Za zamani zikatwe na msumeno hapo hapo. Ukishuka, anza kuzunguka kwa mafundi wote uliowauzia. Hao wateja wengine hukuwataja hata kwa mstari mmoja. Au kwa sababu hawana binti?

Mzee anaweza kukufukuza na Hope asikufuate. Ondoka kwa adabu, ushukuru: aliyekufukuza yuko hai.