Blanketi Halina Moto

Semonkong, 4 Julai

Mjukuu wangu Nthatisi,

Natumaini u mzima huko Maseru na shule ya uuguzi haijakumaliza. Huku tu wazima, theluji imefika mlangoni.

Dada yako Lineo amejifungua mtoto wa kike hapa kwangu, mwezi mzima kabla ya wakati. Nilibeba ndoo mwenyewe hadi kwao mumewe, Teboho, nikammwagia maji kama desturi inavyotaka, ajue amepata binti. Alitetemeka meno yakagongana, huku anacheka kama mwehu. Kisha akaomba kumwona mwanawe. Nikamkumbusha kwamba mwanzi wa uzazi umeshasimikwa juu ya paa letu, na mwanamume hakanyagi humo mpaka miezi miwili ipite.

Ila mtoto ananitia wasiwasi. Ananyonya vizuri lakini uzito haupandi, kilo mbili tu, na miguu yake ni baridi ingawa nimemviringisha mablanketi matatu. Nesi wa zahanati amesema tarehe 25 asipofikisha kilo mbili na robo atapelekwa hospitali huko kwenu, na barabara yote ni barafu. Naogopa, mjukuu wangu. Wewe si ndiye msomi? Sema neno.

Bibi yako, 'MaKhotso

Maseru, 9 Julai

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, na nimekuwa mama mdogo! Nilirukaruka bwenini mpaka wenzangu wakadhani nimefaulu mtihani. Ukweli ni kwamba nimefeli, tena ule wa joto la mwili. Narudia tarehe 23.

Bibi, blanketi halina moto. Linatunza tu joto la aliye ndani. Teboho ulipommwagia maji, ubongo wake ulijua anapoa, ukaibana mishipa ya ngozi ili damu ya moto ibaki ndani, ukaamuru misuli itetemeke itoe joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka. Anachoma mafuta kidogo aliyozaliwa nayo shingoni na mgongoni, na maziwa anayonyonya yanaishia humo humo, kwenye kujipasha joto. Ndiyo maana haongezeki.

Mvue, abaki na nepi, kofia na soksi, umlaze kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, blanketi juu yao wote wawili. Mpokezane na Lineo. Teboho naye ana kifua kipana. Najua kuna mwanzi. Nimesema tu.

Mjukuu wako, Nthatisi

Semonkong, 14 Julai

Mjukuu wangu,

Salamu za shule baadaye, kwanza nikutubie. Lineo alipoteza damu nyingi, bado anachoka upesi. Kifua changu ni mifupa mitupu, mtoto hunitazama kama niliyemtapeli. Basi nikamwita Teboho.

Unamjua jirani yetu 'MaThabang, dirisha lake linahesabu kila anayeingia kwetu. Nikamvika Teboho blanketi langu na kulibana kwa pini mbele ya kifua, kama tunavyovaa wanawake, si begani kama wanaume. Nikamfunga kitambaa kichwani. Akauliza, "Bibi, nikikamatwa je?" Nikamjibu, "Ukikamatwa wewe ni shangazi yake kutoka Mokhotlong."

Haikupita saa moja miguu ya mtoto ikawa na joto. Teboho alilia, nami nikalia. Sasa anakuja kila siku.

Bibi yako

Maseru, 24 Julai

Shikamoo Bibi,

Nimefaulu! Waliniuliza mwili hufanyaje ukipatwa na baridi, nikawaeleza ndoo yako yote, mpaka mtahini akafuta machozi kwa kucheka. Lakini kesho ni mizani, na chakula hakipiti kooni. Niandikie haraka, iwe heri, iwe shari.

Nthatisi wako

Semonkong, 28 Julai

Mjukuu wangu msomi,

Kula, mwanangu. Kilo mbili na gramu mia tatu hamsini! Nesi alipima mara mbili. Haendi hospitali. Lineo aliimba njia nzima ya kurudi.

'MaThabang alikuwepo zahanati, akanivuta pembeni, nikajua yamenifika. Akasema yule shangazi wa Mokhotlong ana viatu vya mpira vikubwa kuliko vya mume wake yeye 'MaThabang, na tangu siku ya pili alishaziona ndevu. Nikakosa pa kuuficha uso. Yeye akauliza tu kama ni kweli kwamba mtoto amepona kwa kifua cha baba. Nikamwambia ni kweli tupu.

Binti yake anajifungua mwezi ujao. Jana 'MaThabang alikuja kuazima lile blanketi, pamoja na pini.

Bibi yako, 'MaKhotso