Mvua Ambayo Sikuiangalia

Makomeno, Lubumbashi

Mujukuu wangu, bwana wangu mudogo Ilunga,

Jambo sana. Huku tuko wazima. Dada yako amejifungua mutoto mwanamuke, na magoti yangu bado yananifikisha kanisani.

Unaandika kwamba kompyuta yenu huko Ubelgiji inaigiza kwanza mvua za Katanga za zamani, ndipo munazilinganisha na zile inazotabiri za kesho. Unaniuliza, zamani za Zaire mvua ilianzaga mwezi gani?

Mwaka aliozaliwa baba yako tulikaa katika kambi ya wachimbaji wa shaba. Mama-mukwe wangu alifika kutoka Kilwa ya huku kwetu Katanga na mbegu za mahindi, amezifunga kwenye kitenge. Hata maji hajanywa, akauliza, "Mvula ya kwanza ilinyesha wakati gani?"

Nikamutazama babu yako. Yeye akatazama ukuta. "Mama," akasema, "huku unga tunapewa na kazi."

Akaenda kuuliza kwa majirani, mustari muzima wa nyumba. Kila muntu alijua siku ya posho. Siku ya mvua hakuna aliyeijua. Aliporudi hakutukaripia. Alikaza tu fundo la kitenge chake cha mbegu, na mimi nikakosa pa kuuficha uso.

Kwa hiyo usiniweke kati ya mashahidi wako. Mvua zile zilininyeshea kichwani, sikuziangalia. Lakini mashine yenu ikionyesha mwaka ule zilianza lini, niandikie. Mama-mukwe alikufa zamani, na bado sijamujibu.

Kambo yako, mama wa baba yako,
Felisita