Aliyefunga Chombo cha Habiba

Jumatatu, 9 Juni
Kurasa zote tayari, jalada hamna. Kila toleo la *Ukili* ni hivi hivi. Jarida letu ni la wanaopenda kusuka, na sisi watatu tunalisuka kama watu ambao hawajawahi kushika ukindu. Habiba anaandika hatua za kusuka na kuchora michoro. Komora anapiga picha na kupanga kurasa kwenye saiba yake ya kompyuta, karibu na stendi ya Garsen. Mimi nahariri na kugombana na wote wawili.

Leo Habiba kaleta chombo cha maziwa alichosukiwa na mama yake kwa ajili ya arusi. Nyuzi za mizizi zimebanana hata sindano haipiti. Kaniachia kipigwe picha, akapanda gari la Hola kutafuta vitambaa. Nimeona wivu. Sisi wa Hewani ni mikeka na vikapu, mkono wa Waorma kama akina Habiba hatuna.

Kasoro moja tu. Mdomo haujamalizwa, nyuzi zinaning'inia.

Jumanne, 10 Juni
Komora kakataa kupiga picha. Eti jalada si la kitu kilichotimka nywele. Nikasema mama wa watu kachoka, macho si ya zamani. Sindano ninayo, nyuzi zipo. Nimekaa kibarazani asubuhi nzima, nikaufunga ule mdomo kwa fundo la mkeka. Likakaa barabara. Raha niliyoisikia!

Picha imetoka, wacha tu. Habiba atafurahi akirudi.

Alhamisi, 12 Juni
Komora hana subira. Kurasa kazituma kwa mpiga chapa Malindi, na jalada karusha kwenye kundi la wasomaji kwenye simu. Sifa zinamiminika tangu alfajiri.

Halafu Habiba kapiga simu kutoka Hola. Hakusalimu. "Dada Rehema, nani amefunga mdomo?" Nikasema mimi, tena kwa majivuno. Kisha nikasikia analia.

Nimejua leo. Kwao mama mzazi husuka chombo chote, ila mdomo huuacha wazi makusudi. Anayeufunga ni mama mkwe, siku bibi arusi anapoingia kwake. Akishafunga, yule ni mwanawe. Mume akimtesa, binti hukimbilia kwa aliyefunga, naye hawezi kumfukuza. Habiba anaolewa Nanighi, juu huko. Hana ndugu hata mmoja kule. Ulinzi wake wote ulikuwa kwenye zile nyuzi.

Na mimi huyu nimezifunga ili picha ipendeze.

Miaka yote tunafanya kazi pamoja, hakuniambia. Wala sikuuliza. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na vidole vyangu.

Ijumaa, 13 Juni
Shangazi wa bwana arusi yumo kwenye kundi la wasomaji. Picha imefika Nanighi. Mama mkwe kasema bibi arusi aliyekwisha kupata mama wa pili hamhitaji yeye. Chombo hapokei. Na bila chombo, mama Habiba hamtoi binti yake. Arusi ni Alhamisi ijayo.

Nimemwambia Komora asimamishe uchapaji. Tumechelewa, jalada limeshachapwa. Nimemtukana matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Kanijibu taratibu kwamba sindano nilishika mimi. Kweli tupu, ndiyo maana imeniuma.

Jumamosi, 14 Juni
Nimejaribu kufumua. Fundo langu halifumuki bila kukatwa, na uzi ukikatwa unabaki mfupi, hausukiki tena. Nimekata mmoja, nikaona, nikaacha. Sijala.

Habiba amerudi. Hapokei simu yangu.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa mama Habiba, chombo nimekifunga ndani ya leso. Nilidhani nitafukuzwa. Nimepewa chai ya maziwa, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Habiba alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akikohoa. Hakutoka.

Mama alikipapasa chombo polepole, akafika kwenye fundo langu. "Umekaza vizuri," akasema. Sikujua nilie au nicheke.

Akaingia ndani, akatoka na chombo kingine, mdomo wazi. Alikuwa anamsukia Zuhura, mdogo wake Habiba. Hiki ndicho kitakwenda Nanighi, wakikubali. Zuhura atangoja. Mtoto wa watu kasimama pale mlangoni, na mimi sikuweza kumtazama.

Nimempigia shangazi mtu. Nimejieleza mpaka pumzi ikaniishia. Kasema atakwenda mwenyewe kuwaomba, ila hana ahadi ya kunipa.

Nilipoaga, mama Habiba alinirudishia kile cha kwanza. Nikasema nakiacha. Akanisukumia kifuani. "Uliyefunga ni wewe." Nimekuja nacho. Sijamwelewa.

Jumanne, 17 Juni
Hakuna neno kutoka Nanighi. Nimemfokea muuza maji bure. Nikaomba radhi. Nikamfokea tena.

Jumatano, 18 Juni
Maboksi yamefika kutoka Malindi. Asubuhi Habiba akatokea kibarazani, macho yamevimba. Hakunisalimu. Akakaa mkekani, akachukua nakala ya kwanza, akachana jalada. Nikachukua ya pili. Komora akafunga saiba, akaja. Tumechana kutwa nzima. Jalada zuri kuliko yote tuliyowahi kutoa, na tunalitia jikoni. Toleo hili litatoka uchi.

Jua linazama shangazi akapiga. Wamekubali. Mama mkwe atakifunga kile kingine.

Habiba akalaza kichwa juu ya boksi. Komora akatoka nje, ati anatafuta mtandao. Mwongo. Mimi nililia hadharani, sina haya.

Alhamisi, 19 Juni
Arusi. Vumbi, vigelegele, pilau. Nilisimama nyuma. Kabla ya kupanda gari Habiba akanivuta kando. Kanieleza maneno ya mama yake. Aliyefunga kafunga, hata akikosea. Kile chombo changu kinahesabika.

"Ikinishinda huko, nina milango miwili," akasema. Akaniambia nisiache kukagua michoro yake ya toleo lijalo, kuna mmoja hauamini. Gari likaondoka.

Ijumaa, 20 Juni
Shangazi kapiga. Mama mkwe amefunga, mbele ya wanawake wote. Kaweka fundo lao. Alhamdulillahi, na mimi Mmethodisti nimesema hivyo hivyo.

Jumapili, 22 Juni
Kumetulia. Komora anauza *Ukili* bila jalada, watu wanauliza, anawaambia ndio mtindo mpya. Nimeanza kutafuta mizizi ya nyuzi. Nitampelekea mama Habiba, kwa ajili ya Zuhura. Kusuka sitii mkono.

Chombo nimekiweka juu ya kabati, chumba cha nyuma. Mle ndani mlikuwa na magazeti ya zamani mpaka dari. Nimeyatoa yote. Nimefagia. Nimefua shuka za kile kitanda, zimekauka kabla ya saa nane kwa jua hili, nimezitandika.

Namwomba Mungu asizilalie mtu.