Siki Isiyonuka Ndizi

Alhamisi, 3 Julai 2025
Tanuru limepoa. Kilo tisa za mkaa wa makapi ya kahawa, mweusi sawasawa. Mama Dusabe ameanza kuuosha ili majivu yatoke. Mkuu wa mradi, Injinia Edgar, mwenyewe amemletea dumu la siki ya ndizi. Mradi wetu wa betri za chumvi, zinazotumia mkaa huu ndani, umejengwa juu ya hayo: siki, maji, gundi ya muhogo. Hakuna sumu. Mama Dusabe aliomba glavu. Nikamwambia siki haihitaji glavu.

Jumatano, 9 Julai
Majaribio. Betri ya fungu la mkaa wa Alhamisi imeshika chaji saa saba na robo! Za nyuma hazijawahi kuvuka sita. Nimerudia mara mbili — ileile. Sijui tumebadilisha nini. Edgar anasema ni kahawa ya Nyabiyonza. Wafadhili wanakuja Jumanne, ana furaha.

Alhamisi, 10 Julai
Mama Dusabe haonekani wiki nzima. Edgar anasema kampa mapumziko. Nimepanda bodaboda hadi kwake Nyakatuntu. Shikamoo, marahaba. Amekaa uani, mikono imefungwa vitambaa. Akafungua mmoja nione. Ngozi imebabuka kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo cha mkono.
Tangu lini?
Tangu siku ileile ya kuosha. "Dada Edith, siki ile haikunuka ndizi."
Kisha akauliza kama kazi yake bado ipo. Nikasema ipo. Sina mamlaka hayo.

Ijumaa, 11 Julai
Dumu lilikuwa nyuma ya stoo, chini ya magunia. Nimechovya karatasi ya kupimia tindikali: nyekundu kabisa. Siki haifiki huko. Ni tindikali kali.
Edgar hakukataa. Fungu moja tu, alisema. Wafadhili wakiona namba nzuri watatuongezea mwaka, na ndani ya mwaka huo tutazifikia namba hizo kwa siki.
"Na mama Dusabe?"
"Nimempelekea dawa."
"Ulimwambia ni nini kile?"
Akasema, taratibu tu, kwamba aliyemwambia asivae glavu ni mimi.
Ni kweli.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani. Sikumbuki somo. Ripoti ya wafadhili ina majina mawili, la Edgar na langu. Ukurasa wa nne: "Mkaa huoshwa kwa siki pekee." Niliuandika mimi, mwezi Mei. Wakati ule ilikuwa kweli.

Jumanne, 15 Julai
Wageni wawili kutoka Dar. Mkubwa wao ni Dokta Stephania, mama mtu mzima, hana maneno mengi. Amesoma namba za betri mara mbili. Akauliza nani anaosha mkaa, azungumze naye. Edgar akasema anaumwa malaria.
Nikasema: ameungua mikono. Hapa, kwa tindikali. Na mimi ndiye niliyemwambia asivae glavu.
Dokta akafunga ripoti. "Twendeni kwake."
Naandika garini, tumesimama nje kwa mama Dusabe. Dokta ameshashuka. Edgar yuko kiti cha mbele, hajafungua mkanda. Sijashuka pia. Mama Dusabe ametoka mlangoni, anabeba kiti kwa viwiko, anamwambia mgeni karibu, pole na safari.