Moto Ukiwaka, Mama Mkwe Hufungua Dirisha

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kwa hili, maana siwezi kumwambia mtu yeyote nyumbani wala kazini. Mimi ni mke wa mtu na mama wa binti mmoja mwenye pumu, na kazi yangu ni kuangalia matangi katika kiwanda kilichojengwa ubavuni mwa kiwanda cha chuma, na ndani ya matangi hayo tunafuga bakteria, wanakula gesi chafu inayotoka kwenye tanuru la chuma na kutoa spiriti ya kuchanganya na petroli, na hizi si hadithi, naiona kwa macho yangu ikipita kwenye bomba la kioo, safi kama maji, na magari ya kiwanda yanaitumia. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, kila nikirudi huniuliza, "Wanao wamekula leo?" akimaanisha bakteria, nami hucheka, na yeye ndiye aliyenitetea wakati ukoo mzima uliposema kazi ya matangi si ya mwanamke.

Sasa shida yangu ni hii. Bakteria hawa wanadeka kuliko bibi harusi. Gesi ikiwa na joto kupita kiasi, au ikibadilika kidogo tu, wanasusa, hawali, na gesi ile ni sumu, haiwezi kuachwa hivi hivi, kwa hiyo nafungua njia nyingine ipande bomba refu ikachomwe huko juu, ndipo unapoona moto. Moto ule maana yake ni kwamba chakula kimekataliwa, na masizi yake yanashuka mtaani kwetu. Lakini mtaani wanaamini kinyume, wala siwalaumu, kwa sababu siku ya uzinduzi meneja alibonyeza kitufe, moto ukawaka, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba moshi umepata mlaji, watu wakapiga makofi na vigelegele, kumbe matangi yalikuwa hayajatiwa bakteria hata mmoja. Tangu hapo moto ukiwaka wanasema wadudu wako mezani. Na mama mkwe, ambaye wanawake wa mtaa wanamsikiliza, amewafundisha kwamba huo ndio wakati wa kufungua madirisha, eti hewa imeshasafishwa.

Mshauri, valvu ile ya kupeleka gesi kwenye moto naifungua mimi kwa mkono wangu, na nikiifungua najua kwamba nyumbani mama anamsogeza mwanangu dirishani avute hewa njema. Juzi, zamu ikiwa ya mwenzangu, moto uliwaka nikiwa nyumbani, nikakimbia kufunga dirisha, mama akasema, "We mwanamke, unamnyima mtoto hewa?" Nikadanganya kwamba mbu wanaingia, mchana kweupe! Akacheka, akafungua tena. Jioni mtoto akabanwa kifua tukamkimbiza zahanati, na mama alilia, akasema ni vumbi la godoro, akalitoa nje akalipiga fimbo mpaka likachanika.

Nilimweleza meneja, akanijibu, "Dada, watu wakijua ule moto ni kushindwa watatufungia kiwanda, halafu moshi wote urudi hewani kama zamani. Unataka hivyo?" Naye hakukosea kabisa, kwa sababu siku nyingi bakteria wanakula vizuri na mtaa unapumua kuliko zamani. Nikisema, naweza kuua kitu chema na kumwaibisha mama mbele ya wanawake aliowafundisha. Nisiposema, ni mwanangu. Nifanye nini?

Mlisha Matangi

JIBU

Mlisha Matangi, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika, na ninakujibu nikiwa na yote mawili.

Kazi yako naiheshimu. Kuchukua uchafu wa tanuru ukatoka mafuta ya gari si jambo dogo. Lakini mwanangu, mbu mchana? Hata kudanganya hujui, na hiyo ni dalili njema. Achana na uongo, si fani yako.

Unasema unamlinda mama mkwe asiaibike. Hapana, unajilinda wewe usiuone uso wake. Mwanamke aliyesimama mbele ya ukoo mzima kukutetea anaweza kusimama mbele ya majirani akasema, "Nilidanganyika." Kitakachomuumiza hasa ni kujua kwamba ulimwona akimpeleka mjukuu wake dirishani kwa mapenzi yake yote, ukanyamaza.

Meneja wako naye amekupa njia mbili tu, kunyamaza au kiwanda kufungwa, kana kwamba hakuna ya tatu. Mficha maradhi kilio humfichua. Watu watakasirika, sikufichi. Lakini mtaa unaoambiwa ukweli hukasirika, kisha hasira ikaisha. Mtaa unaogundua wenyewe kwamba watoto wake walivutishwa masizi huku wakubwa wakijua, huo ndio utakaofunga kiwanda, na bakteria wenu wasio na kosa watakwenda nacho.

Mketishe mama leo. Usianze na meneja wala kitufe, anza na kifua cha mtoto. Kisha mwachie yeye awaambie wanawake wenzake, heshima yake ibaki mikononi mwake. Baada ya hapo nendeni wote wawili kwa meneja, mtake king'ora kilie kila gesi inapopelekwa bombani. Akikataa, ofisi ya afya ina mlango. Na valvu uendelee kuifungua, maana gesi ile haiwezi kukaa. Mkono wako haukukosea, ulichokosea ni kufunga mdomo.

Jibu hili nilikusomea kwa simu kabla halijachapwa, ukasema, "Nitamwambia kesho, mshauri." Nilipokupigia tena, bado ilikuwa kesho. Mimi siwezi kungoja nawe, kuna watoto wengine mtaani humo. Kwa hiyo ninyi nyote mnaoishi chini ya bomba la namna hiyo, mkiona moto, fungeni madirisha. Na wewe mama, kama unasoma haya, mkweo yuko chumba cha pili na anaogopa. Mwite.